Jeni za kuazima za kipindupindu, na jinsi ya kumkatia bakteria njia

Bakteria wa Vibrio cholerae, kabila la bakteria wanaoleta kipindupindu, wengi hawasababishi ugonjwa huo. Wanaishi midomoni mwa mito na kwenye maji yenye chumvi kidogo, wanakula mabaki ya magamba ya viumbe wa majini, na hawana habari na binadamu. Wachache wanaoua walipata nguvu zao kwa wengine. Jeni nyingine ziliingizwa na virusi, nyingine zilitoka kwa bakteria majirani, nyingine ni vipande vya DNA walivyovimeza majini. Sumu ni ya kuazima. Vinyweleo vya kushikia utumbo ni vya kuazima. Usugu wa dawa ni wa kuazima pia.

Mwongozo huu unamfuata bakteria kutoka majini hadi tumboni, kisha kutoka tumboni kurudi majini, na katika kila hatua unaeleza la kufanya na sababu yake. Sababu ina uzito kwa sababu hatua za kuzuia kipindupindu huchosha, na mtu aliyechoka huruka hatua asiyoijua maana.

Majini: soko la jeni liko juu ya gamba

Kopepodi ni mdudu wa majini mwenye urefu wa milimita moja hivi, wa ukoo wa kaa na kamba. Gamba lake limejengwa kwa kitini. Bakteria wa kipindupindu hulipenda gamba hilo: hujishikiza hapo kwa maelfu, wakajifunika utando unaonata, na chakula wanakipata palepale.

Kitini hakiwalishi tu. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba bakteria huyu akikaa juu ya kitini huanza kuvuta DNA kutoka nje na kuiingiza kwenye yake. Mwaka 2015 likaonekana jambo la pili: kitini hichohicho huamsha silaha yake, mkuki mdogo wenye sumu anaomchomea jirani. Jirani hupasuka, DNA yake humwagika, na muuaji huivuta ndani. Akipata humo jeni yenye faida, anaibakiza na kuirithisha. Kwenye kromosomu yake ya pili (anazo mbili) ana ghala lenye vipande vya jeni zaidi ya mia moja vilivyokusanywa namna hiyo kwa vizazi vingi.

Kwa mtu anayechota maji, hili lina maana mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya bakteria hawaelei mmojammoja bali wamepanda mdudu anayeweza kunaswa kwa kitambaa. Pili, waliojificha ndani ya utando hufikiwa na klorini kwa shida, maana klorini huishia kwenye tabaka la nje. Kwa hiyo chuja kwanza, kisha tia klorini. Wanaofuata mpangilio wa kinyume hupoteza klorini na kubaki na bakteria hai.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba, kikuukuu, kilichofuliwa mara nyingi. Nyuzi zilizochakaa hutoa manyoya yanayoziba matundu, ndiyo maana kitambaa kipya huchuja vibaya zaidi. Kikunje mara nne hadi nane, kifunge kwenye mdomo wa ndoo, na umimine maji polepole. Weka alama upande wa juu ili kesho usikigeuze na kurudisha uchafu ndani ya ndoo. Ukimaliza, kisuuze kwanza kwa maji ya kisimani au mtoni, kisha kwa maji yaliyochujwa, halafu kianike juani hadi kikauke kabisa. Kitambaa kinachoachwa kibichi kwenye kona huwa makao mapya ya bakteria.

Njia hii ilijaribiwa katika vijiji 65 vya Bangladesh vyenye watu wapatao 133,000, kwa vitambaa vya sari kuukuu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Ni faida kubwa kwa kitu kisicho na gharama, lakini karibu nusu nyingine ilibaki: bakteria wanaoelea peke yao hupita kwenye kitambaa bila shida. Lazima hatua ya pili ifuate.

Hatua ya pili ni kuchemsha au klorini. Ukichemsha, acha maji yatokote kwa nguvu kwa dakika moja nzima, kisha yapoe ndani ya chombo hichohicho chenye kifuniko. Ukitumia klorini ya maji ya asilimia 5, ile ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato wala sabuni, tia matone 2 kwa lita ya maji meupe, au 4 yakiwa na ukungu, koroga, na usubiri dakika 30. Maji ya tope yaache kwanza yatulie, au yatie shabu, maana tope lenyewe hula klorini kabla haijamfikia bakteria.

Kwa tangi au kisima kinachotumiwa na watu wengi, usikisie. Yeyusha gramu 15 za klorini ya unga (HTH ya asilimia 65 hadi 70) katika lita moja ya maji, upate mchanganyiko wa asilimia 1. Jaza ndoo nne za plastiki za lita 20 kwa maji ya tangi hilo. Kwa sirinji, tia mililita 1 ya mchanganyiko kwenye ndoo ya kwanza, 2 kwenye ya pili, 3 kwenye ya tatu, 5 kwenye ya nne. Subiri dakika 30, pima klorini huru iliyobaki, na uchague ndoo iliyobakiwa na miligramu 0.5 kwa lita au karibu yake. Kipimo cha ndoo hiyo ndicho utakachozidisha kulingana na ujazo wa tangi. Rudia jaribio mvua kubwa ikinyesha, kwa sababu maji yamebadilika. Kosa tunaloliona la hatari kuliko yote ni kupima klorini mara tu baada ya kuitia: kipimo husoma juu, watu hutulia, na nusu saa baadaye yote imeshaliwa na uchafu.

Tumboni: vinyweleo kwanza, sumu baadaye

Jeni za kuua hazikuingia zote kwa siku moja, na mfuatano wake unaeleza mengi. Kwanza bakteria alipata kisiwa cha jeni, yaani kipande kirefu cha DNA ya kigeni kilichojipachika kwenye kromosomu yake. Kisiwa hicho kina maelekezo ya kutengeneza vinyweleo vinavyowafunganisha bakteria wao kwa wao na kuwawezesha kuenea katika utumbo mwembamba. Kisha kikaja kirusi kiitwacho CTX, chembamba kama uzi, ambacho mlango wake wa kuingilia ni vinyweleo hivyohivyo. Kirusi hicho hakimuui bakteria. Hujipachika kwenye kromosomu na kukaa, kikiwa kimebeba jeni mbili za sumu, ctxA na ctxB. Matthew Waldor na John Mekalanos walilieleza jambo hili mwaka 1996. Asiye na vinyweleo hapokei kirusi kwa njia hiyo, na asiye na kirusi hana sumu.

Sumu yenyewe ina sehemu tano za kushikia na moja ya kuharibu. Zile tano hung'ang'ania ukuta wa seli ya utumbo, na ile moja huingia ndani na kuiacha swichi ya seli ikiwa imewashwa bila kuzimika. Kloridi humwagika kuelekea ndani ya utumbo, chumvi na maji vinafuata. Mtu mzima aliyepatwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Seli zenyewe hazijachubuka. Hakuna kidonda, ndiyo maana kinyesi huwa kama maji ya mchele, bila damu.

Na hapa ndipo bakteria aliacha mlango wazi. Sumu yake haigusi kibebeo kinachoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Mpe mgonjwa chumvi peke yake, inapita. Mpe vyote viwili kwa uwiano unaofaa, vinaingia na kuvuta maji pamoja navyo. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, imepangwa juu ya ukweli huo: kwa lita moja, chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti ya sodiamu 2.9. Ukihesabu chembe, sodiamu na glukosi ni sawasawa, milimoli 75 kwa 75.

Ndiyo maana kipimo hakibadilishwi. Pakiti ya lita moja ikikorogwa kwenye nusu lita, chumvi huzidi na mtoto anaweza kuumia. Ukiongeza sukari ili iwe tamu, sukari inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini na kuhara kunazidi. Soda na maji ya matunda ya dukani yana kosa hilohilo. ORS iliyokwisha kukorogwa haichemshwi, na ikipita saa 24 hutupwa. Pakiti zikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu, vitamshikilia mgonjwa hadi afike kituoni. Mchanganyiko huo hauna potasiamu, kwa hiyo usiufanye tiba ya siku nzima ukiwa na njia ya kupata pakiti.

Kiasi hutegemea hali:

- Asiyeonyesha dalili za kupungukiwa maji: kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, mwenye miaka 2 hadi 9 apate 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri atakavyo, si chini ya kikombe.
- Mwenye kiu kali, asiyetulia, macho yamezama, ngozi inarudi polepole ukiifinya: mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa 4. Mtu wa kilo 60 ni lita 4 na nusu. Mpime upya baada ya hapo.
- Aliyelegea au kuzimia, asiyeweza kunywa, mapigo dhaifu, ngozi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi: dripu ya Ringer's lactate, mililita 100 kwa kilo. Mwenye mwaka mmoja na zaidi apewe 30 za kwanza kwa dakika 30, na 70 kwa saa 2 na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka: 30 kwa saa 1, na 70 kwa saa 5. Mara anapoweza kumeza, ORS ianze huku dripu ikiendelea.

Dripu ya sukari tupu haifai, kwa sababu haina chumvi ya kurudisha kilichopotea. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea kwa kijiko, polepole zaidi. Kutapika si sababu ya kuacha. Mtoto anyonyeshwe na kulishwa kama kawaida. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wapewe pia zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14.

Dawa: kwa nini si kila mgonjwa apewe

Maji humponya mgonjwa. Viuavijasumu hupunguza tu muda wa kuhara na kiasi cha bakteria anachotoa, na vina gharama isiyoonekana kitandani.

Mwaka 1992 kusini mwa Asia lilizuka kundi jipya la kipindupindu, O139. Ndani yake wanasayansi walikuta kipande cha DNA cha karibu herufi 100,000 wakakiita SXT. Kinahama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine wanapogusana, na kilibeba usugu dhidi ya sulfamethoksazoli, trimethoprimu, kloramfenikoli na streptomisini, dawa nne kwa mkupuo mmoja. Baya zaidi liligunduliwa baadaye: DNA ya bakteria ikiumizwa, kwa mfano na siprofloksasini, SXT huongeza kasi ya kuhama. Dawa inayotolewa ovyo haichagui sugu tu, inaweza pia kuwasaidia wasio sugu kuazima usugu.

Yemen imetoa fundisho chungu. Bakteria waliokusanywa huko mwaka 2018 na 2019 walikuwa na plasmidi, pete ya DNA ya kuazima, iliyowafanya sugu kwa dawa nyingi, ikiwemo azithromisini iliyokuwa ikitegemewa kwa watoto na wajawazito. Ukoo huo haukuishia huko. Umeonekana Lebanon, kisha Kenya, Tanzania, Comoro na Mayotte. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, kama doksisaiklini, ziliendelea kuuweza.

Kwa hiyo mpe dawa aliyepungukiwa sana na maji, anayeharisha kwa wingi usiopungua hata baada ya kurudishiwa maji, na mwenye hali ya ziada kama ujauzito au utapiamlo mkali. Chaguo la kwanza, kama vipimo vya mahali ulipo havijaonyesha usugu, ni doksisaiklini dozi moja: mtu mzima, akiwemo mjamzito, apewe miligramu 300; mtoto wa chini ya miaka 12 apewe miligramu 2 hadi 4 kwa kilo. Itolewe kwa kumeza baada ya kutapika kukoma, kwa kawaida saa chache tangu aanze kurudishiwa maji. Ikitapikwa, imekwenda bure. Azithromisini (gramu 1 kwa mtu mzima, miligramu 20 kwa kilo kwa mtoto) ni ya akiba. Kugawa vidonge mtaa mzima ili watu wasiugue tunakupinga waziwazi: ni kumlipia bakteria shule ya usugu.

Koti na ngao

O139 ilikuwa na jambo lingine la kutisha. Ilikuwa karibu ndugu kamili wa El Tor O1, aina iliyoanzisha mlipuko wa saba wa dunia mwaka 1961 kule Indonesia, ila ilikuwa imebadilisha jeni za koti lake la nje. Watu wazima waliokuwa na kinga ya miaka mingi dhidi ya O1 waliugua kama wageni, kwa sababu kinga hulitambua koti. Anayekuambia hahitaji kutibu maji kwa kuwa aliwahi kuugua, mwambie habari ya mwaka 1992.

Ngao ni visiwa vingine vya jeni vinavyomlinda bakteria dhidi ya virusi vyake mwenyewe. Kirusi kimoja, ICP1, humshambulia hata akiwa ndani ya tumbo la mgonjwa. Bakteria akaazima kisiwa kinachokikwamisha kisizaane, na baadhi ya vipande vya SXT vikaongeza kinga nyingine. Kirusi nacho, kwa maajabu, kikaiba mfumo wa kinga wa bakteria uitwao CRISPR na kuutumia kukikata kisiwa hicho. Vita hiyo inaendelea. Kwa anayesimamia maji, neno ni moja: usitegemee mto ujisafishe wenyewe.

Kurudi majini: hapa ndipo pa kukata

Bakteria aliyetoka tumboni muda huohuo ni mkali kuliko aliyelelewa maabara, na ukali huo hudumu kwa saa kadhaa. Ndoo ya kinyesi cha mgonjwa isingoje asubuhi.

Tengeneza klorini ya asilimia 2: gramu 30 za HTH kwa lita moja ya maji. Weka kina cha sentimita moja chini ya ndoo kabla mgonjwa hajaitumia, na kabla ya kuimwaga chooni iache angalau dakika 10. Sakafu, vitanda na ndoo zilizokwisha kuoshwa: asilimia 0.2, yaani gramu 30 kwa lita 10. Mikono: asilimia 0.05, gramu 7 kwa lita 10. Ukiwa na klorini ya maji ya asilimia 5, sehemu 2 kwa 3 za maji hutoa asilimia 2. Sehemu 1 kwa 24 hutoa 0.2, sehemu 1 kwa 99 hutoa 0.05. Andika namba kwenye kila ndoo kwa rangi isiyofutika. Ndoo ya mikono ikijazwa kwa makosa mchanganyiko wa asilimia 2, ngozi huungua, na watu huacha kunawa.

Futa uchafu kwanza, ndipo upake klorini. Damu, kinyesi na matapishi huimaliza nguvu kabla haijafanya kazi. Isitunzwe juani wala kwenye chombo cha chuma, itengenezwe upya kila siku, na isichanganywe na tindikali au dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa gesi inayoharibu mapafu.

Kabla ndoo za wagonjwa wa kwanza hazijamwagwa, na kabla hawajameza dawa yoyote, chukua sampuli. Chovya usufi kwenye kinyesi kibichi hadi uloe, uchomeke kwenye chupa ya Cary-Blair (rojo la kusafirishia sampuli) mpaka chini, kata kijiti, funga vizuri, andika tarehe na saa. Isiwekwe kwenye friji wala barafu, kwa kuwa bakteria huyu hupungua kwenye baridi. Joto la kawaida la chumba linamtosha, mbali na jua. Kipimo cha haraka cha kijiti kitakuambia kama koti ni la O1 au O139. Sumu hakiioni, wala usugu. Kwa hiyo kwenye fomu ya maabara omba mambo matatu: kuotesha, kupima jeni ya ctxA, na kupima usikivu wa dawa kwa doksisaiklini, azithromisini na siprofloksasini. Rudia kutuma sampuli mlipuko unapoendelea, kwa sababu bakteria wa wiki ya sita anaweza kuwa ameshaazima kitu ambacho wa wiki ya kwanza hakuwa nacho.